Kisu cha Ripota

Siku tuliyomzika Kananu kule Mikinduri, mume wake alinifuata nyuma ya hema nikiwa na sahani ya wali na maharagwe, akaketi kwenye benchi kando yangu. Mwalimu Kirimi hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi. Alizungusha fimbo yake mchangani, akawatazama watu waliopanga foleni kwenye masufuria, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza marehemu muda wote walioishi pamoja. "Mwalimu Igoki, wewe ndiye ulikuwa unalala na yeye chumba moja. Ile ncoolo ya kwanza, kama haungeikata, angeifungua? Ama angeiacha tu inyauke?" Kijiko kilikuwa karibu na mdomo wangu. Nikakirudisha kwenye sahani. Ncoolo, kwa asiyetoka upande ule, ni kitita cha miraa iliyochaguliwa tawi kwa tawi, kikafungwa kwa majani ya mgomba na kamba ya mgomba, ambacho kijana hupeleka kwa wazazi wa msichana anayetaka kumwoa. Msichana akikubali, kinafunguliwa na wazee wanatafuna. Asipotaka, hana haja ya kufungua kinywa. Anakiacha kilivyo, miraa inanyauka ndani ya majani, na kila mtu ameelewa. Jibu la swali la Kirimi nilikuwa nalo tangu ujana wangu, na mwenye jibu aliniomba nisilitoe.

Nilikwenda Mikinduri mwezi wa kwanza, nimemaliza kidato cha nne, kufundisha darasa la nne bila mafunzo yoyote ya ualimu. Siku hizo walimu walikuwa haba, na mtu mwenye cheti na mdomo alipewa chaki. Kwetu ni Gachoka, nchi ya jua na mawele, na nilipoteremka pale na sanduku langu la bati niliona baridi, matope mekundu na migomba hadi macho yakachoka. Nilipangiwa kukaa kwa mzee M'Ikiara, kwa kuwa binti yake Kananu alikuwa mwalimu wa bila mafunzo kama mimi katika shule ileile na chumba chake kilikuwa na vitanda viwili. Nikifumba macho leo nakiona chumba kile chote. Kilikuwa cha mbao, na Kananu alikuwa amebandika magazeti ya zamani ukutani kuzuia upepo, kwa uji mzito wa ngano. Tulilala tukisoma kuta. Yeye alikuwa na ukuta wake na mimi wangu, na jioni tulisomeana habari za mawaziri waliokwisha kufutwa na ng'ombe waliokwisha kuuzwa. Shida ya magazeti ya ukutani ni kwamba habari inaishia pale mkasi ulipopita. Kulikuwa na mtu mmoja kwenye ukuta wangu aliyeingia mahakamani, "akamgeukia hakimu na kusema," basi. Mwaka mzima nililala na mtu yule bila kujua alisema nini. Kananu alimtungia maneno mapya kila wiki, na tulicheka hadi mama yake akagonga mbao kutoka jikoni.

Mama Kananu alipika nkima, ndizi na viazi na maharagwe vilivyopondwa pamoja hadi mwiko ukasimama wenyewe, na alinikatia kipande kikubwa kuliko cha binti yake kwa kuwa, alisema, mtoto wa watu akikonda watu watasema. Mimi kila nilipotoka kwetu nilileta ndengu. "Watu wa ndengu wamefika," Kananu alikuwa akisema akinipokea mkoba, "sasa hata panya hapa watajua kuna mgeni." Nilimpenda. Nyumbani nilikuwa na kaka tu, na sikuwahi kupata mtu wa kunichana nywele huku akinisema. Nasema hili mapema ili isije ikadhaniwa kwamba niliyoyafanya baadaye niliyafanya kwa roho mbaya.

Muhula wa pili likaja gari la sinema. Lilizunguka masokoni likitangaza sabuni na dawa ya ng'ombe, na baada ya matangazo lilionyesha filamu. Walitundika shuka kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa soko, jenereta ikanguruma, na Mikinduri nzima ikakaa chini kwenye nyasi na blanketi zao. Filamu ilikuwa ya kuchekesha, na tena ya upelelezi. Kulikuwa na muuza viatu aliyetamani kuwa mwandishi wa gazeti. Hakuna gazeti lililomtaka, basi akajipa kazi mwenyewe: akaweka penseli nyuma ya sikio na kuanza kumsaka mwizi wa tarumbeta ya kanisa. Alijificha ndani ya pipa likabiringika naye hadi mtoni. Alimfuata padri, akamfuata mwoka mikate, akamfuata mbwa. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, lakini kulikuwa na jamaa wa gari aliyeshika kipaza sauti na kututafsiria kwa Kimeru na Kiswahili, na alitafsiri kwa nguvu kiasi kwamba Kiingereza chenyewe hakikusikika. "Mnaona?" alipiga kelele. "Ripota hamuulizi mshukiwa! Mshukiwa ni mwongo! Ripota anafuata alama!" Na pale hasa ambapo yule muuza viatu alikuwa ameshika pazia, nyuma yake miguu ya mwizi inaonekana, mvua ikashuka, shuka likaanguka, jamaa akakunja nyaya zake na gari likaondoka. Tulibaki na miguu. Kwa mwezi mzima watu walibishana sokoni ni miguu ya nani. Wanawake walisema ni ya mama mkwe wa padri, nami kila nilipowaambia kwamba padri hana mama mkwe waliniambia mimi ni mgeni, ningejuaje.

Kesho yake nilikwenda shuleni na penseli nyuma ya sikio. Nilichukua karatasi kubwa ya kuchorea ramani, nikaandika juu yake Habari za Mikinduri, nikaibandika ukutani katika ofisi ya walimu. Habari yangu ya kwanza ilihusu sukari ya chai, ambayo ilikuwa ikipungua kila Jumatano. Nilifuata alama. Chembe za sukari zilinipeleka kutoka kabatini hadi kwenye kiti cha mwalimu mkuu mwenyewe, mtu mnene mwenye moyo mzuri aliyekuwa amekatazwa vitu vitamu na mke wake. Nikaandika. Walimu wakashika mbavu, mwalimu mkuu akacheka kuliko wote, na kuanzia siku hiyo mle ofisini hakuna aliyeniita Igoki tena. Nilikuwa Ripota. Sifa ni kitu kitamu kuliko hiyo sukari, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ikawa watu wakiniona wananyamaza. Nilidhani ni heshima.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja, Thuranira, mwenye miti ya miraa ya zamani sana, ya babu yake. Alhamisi moja ya muhula wa tatu aliamka akakuta miti mitano imechumwa yote. Kwa watu wa pale huo si wizi wa mboga. Nilimhoji mzee, nikamhoji mke wake, nikamhoji mama muuza vitunguu aliyeniambia kwamba Ijumaa alimwona mwalimu Kirimi akitoka upande ule na furushi la majani ya mgomba kwenye baiskeli. Nikaandika jina: Kirimi. Kirimi alifundisha hesabu darasa la saba. Alikuwa mrefu, mpole, na mkimya hivi kwamba ukimsalimia alikuwa kama anatafuta jibu kwenye mfuko wa koti. Mtu mkimya mwenye baiskeli! Hata sinema haikunipa mshukiwa mzuri hivyo. Jumamosi ilinibidi niende kwetu kupeleka dawa za mama, na niliporudi Jumapili jioni na mkoba wangu wa ndengu nilikuta nyumba ya mzee M'Ikiara imebadilika. Kulikuwa na viti vya kuazima uani. Kananu hakuja kunipokea. Nikasimama kwenye mlango wa jikoni na kuwasikia mzee na mkewe ndani wakizungumza Kimeru, ambacho hakiko mbali na Kimbeere chetu.

"Mpaka Jumanne," mzee alisema. "Ikikauka, imekwisha."

"Na huyu mgeni wetu?"

"Huyu asijue. Akijua, itabandikwa kwa ukuta."

Nilirudi nyuma hatua tatu, nikakohoa, nikaingia upya. Walinikaribisha vizuri sana, na hapo ndipo nilipokuwa na hakika kwamba kuna jambo. Kananu alikula vijiko viwili akaacha. Kitandani alilala akiutazama ukuta wake bila kuusoma. Nilimwita, akasema kichwa kinamuuma. Ningemuuliza swali moja tu, hata kwa utani kama tulivyozoea, pengine angeniambia yote. Lakini ripota hamuulizi mshukiwa. Asubuhi alipokwenda kuchota maji nikapekua. Nyuma ya sanduku lake, chini ya gunia, kulikuwa na kitita kikubwa cha majani ya mgomba kilichofungwa kwa kamba safi, mafundo yamepangwa kama nywele zilizosukwa. Nikanusa. Miraa. Kila kitu kikaja pamoja kichwani kwangu: Kirimi kaiba, Kirimi kaficha mali kwa msichana mwenye jina zuri ambaye hakuna atakayemshuku, na rafiki yangu hali wala halali kwa sababu ametishwa. Nilijaa hasira na, niseme ukweli, furaha pia. Nilikuwa nakwenda kumwokoa Kananu, na nilikuwa nakwenda kuandika habari kubwa kuliko sukari. Nikatia kitita ndani ya kikapu changu na kukifunika kwa madaftari.

Saa ya chai walimu wote walikuwa ofisini isipokuwa Kananu, aliyekuwa akimalizia kusahihisha darasani. Nilisubiri vikombe vijae. Kisha nikasimama, nikaweka kitita katikati ya meza, kati ya birika na mkate. Vicheko vikakatika. Nikaona macho ya mwalimu mkuu yakikitazama kile kitita, yakinitazama mimi, na nikafikiri, wameshtuka, vizuri. Nikaanza hotuba yangu kuhusu mtu miongoni mwetu anayejifanya mpole. "Ripota," mwalimu mkuu akasema polepole, "hiyo kitu umepewa na nani?" Nikamwambia ushahidi haupewi, unatafutwa. "Ngoja basi. Usiguse. Weka kisu chini, mwalimu." Lakini nilikuwa nimeshakichukua kisu cha mkate, na mkono uliozoea kushangiliwa hausikii. Nikaikata kamba. Majani yakafunguka, na miraa ikalala mezani, mibichi, myekundu, mizuri hata machoni pangu mimi nisiyeijua.

Nikamtazama Kirimi ili nione hatia. Nilichokiona ni uso ambao sijauona tena kwa mtu yeyote, na nimehudhuria harusi nyingi. Uso ule ulifunguka polepole kuanzia machoni. Akasimama, mikono imejaa chaki, kiti kikaanguka nyuma yake na hakugeuka kukitazama. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Amekutuma? Amekubali?"

Mwalimu mkuu akafunika uso kwa kiganja. Ni mama mmoja wa darasa la kwanza, mwalimu mtu mzima, aliyenivuta sikio kama mtoto na kuninong'oneza ncoolo ni nini, na kwamba ile Kirimi aliichuma kwenye miti ya baba yake; mwizi wa Thuranira hakupatikana kamwe. Niligeuka, na Kananu alikuwa mlangoni na madaftari kifuani. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alimtazama Kirimi, akatazama meza, akanitazama mimi. Uso wa Kirimi ukajifunga, naye akainama kuinua kiti chake na kukiweka sawa, akikisogeza na kukisogeza tena kana kwamba kiti ndicho kilichokuwa na shida. Kananu aliweka madaftari chini na kutoka. Nilimkimbilia hadi kwenye mibuni ya shule. "Kwa nini haungeniambia?" nilimuuliza nikilia, mtu mwenye makosa ndiye anayelia. Akaniambia bila kupaza sauti, "Ningekuambia, ungeibandika kwa ukuta." Maneno hayo yaliniuma kuliko sikio langu, na yananiuma hata sasa ninapoyaandika, kwa kuwa alikuwa na haki.

Jioni hiyo mzee M'Ikiara aliniita sebuleni. Nilikuwa nimeshafunga sanduku langu. Alikunywa uji wake kikombe kizima kwanza. "Mwari," akasema, "umekata kamba haijafungwa na wewe. Sasa huko sokoni wanasema binti yangu ameolewa." Nikamwambia nitakwenda nyumba kwa nyumba kueleza. "Wewe wacha kueleza, umeeleza ya kutosha. Kisu ya mgeni haiwezi kuitikia. Ncoolo imefunguliwa lakini haijajibiwa. Sasa mwenye mdomo ndiye atasema." Akamtazama Kananu aliyekuwa amesimama mlangoni. Nilielewa hapo nilichokuwa nimemnyang'anya. Mila ilikuwa imempa njia ya kukataa bila kumwaibisha mtu na bila kumtazama mtu machoni, na mimi niliikata hiyo njia pamoja na kamba. Ingempasa aende mwenyewe, mchana, akaseme kwa sauti. Na miraa yenyewe hakuna aliyethubutu kuila wala kuitupa. Ilifungwa upya ikawekwa juu ya kabati ofisini, na ilikaa hapo hadi tukafunga shule, imekauka kama ufagio.

Kananu alimwendea Kirimi Jumanne baada ya gwaride la asubuhi, kwenye ua wa shule, shule nzima ikichungulia madirishani. Sikuwa karibu. Kwa mara ya kwanza tangu ile sinema nilikaa darasani na kuutazama ubao. Ya kule uani nilisimuliwa na yeye mwenyewe Jumamosi, tukifua nguo bombani, baada ya siku tano za kunijibu ndiyo na hapana tu. Barua yake ya kwenda chuo cha ualimu ilikuwa imefika, na alikuwa ameificha kwa hofu kwamba baba akiona posa atasema mwanamke wa mtu hana haja ya chuo. Alimwambia Kirimi hivyo. Alimwambia pia kwamba wamefundisha shule moja miaka miwili na hajawahi kumsikia akisema neno lisilo la hesabu, sasa ataolewaje na mtu asiyeijua sauti yake. Kirimi alisimama akatafuta mfukoni kama kawaida yake. Kisha akaongea. "Ati aliongea hadi kengele ikalia," Kananu alisema, akikamua shuka letu. "Haki Igoki, huyo mtu ana maneno! Alikuwa anaziweka wapi?" Mwishowe Kananu alimwambia anakwenda chuo miaka miwili, na kama atakuwa bado na nguvu za kuchuma miraa wakati huo, alete nyingine.

Nilimuuliza hapo, hatimaye, kama mtu na rafiki yake. Nilimuuliza kama isingekuwa kisu changu angefanya nini. Alitundika shuka kwanza. "Ningeiacha inyauke. Nilikuwa nimeamua tangu Jumamosi." Akalivuta kona lisikunjike. "Lakini usiwahi kumwambia. Wewe Ripota, hii moja usibandike." Kisha akanirushia maji ya sabuni usoni, nami nikajua nimesamehewa, nikalia tena, kwa kelele zaidi.

Karatasi yangu niliibandua ofisini. Mwaka uliofuata nami nilikwenda chuo changu, nikawa mwalimu wa kweli, na nimestaafu nikiwa nimefundisha watoto wa watoto wa Gachoka. Miaka miwili ilipokwisha nilipata barua ya Kananu ya mstari mmoja: Njoo, na usibebe kitu chenye makali. Nilipoingia sebuleni kwa mzee M'Ikiara, mzee mwenyewe alipiga kelele, "Ficheni visu, Ripota amefika!" na wazee wote wa Kirimi wakacheka, maana hadithi ilikuwa imefika hadi mji wa Maua. Kananu alisema ndiyo mbele yao kwa mdomo wake, jambo ambalo halikuhitajika, kisha mafundo ya ncoolo ya pili yakafunguliwa kwa vidole, moja baada ya jingine. Walizaa watoto wanne. Walizeeka. Nilikwenda kwao kila Disemba na ndengu zangu.

Na sasa Kirimi alikuwa amekaa kando yangu kwenye benchi akisubiri. Nilifikiria ahadi yangu kwa mtu ambaye saa moja iliyopita nilikuwa nimemtupia udongo. Nilifikiria pia kwamba mzee huyu amebeba swali tangu ujana wake na leo amepata nguvu ya kuliuliza, na kwamba mimi nilikuwa na swali la namna hiyo mara moja, usiku mmoja wa Jumapili, kitanda kando ya kitanda, na sikuliuliza.

"Angeiacha inyauke, mwalimu," nikamwambia. "Aliniambia mwenyewe."

Alitikisa kichwa polepole. Niliogopa kumtazama. Kisha nikasikia akicheka, kicheko cha chini, machozi yanateremka na yeye hayafuti. "Na mimi singerudi," akasema. "Ncoolo yako ikinyauka, hiyo njia haupiti tena. Unajua? Singerudi." Akafuta pua kwa leso. "Basi mimi nimeishi kwa kisu yako."

Nilimshika mkono. Tukakaa hivyo mpaka wanakwaya walipoanza kukunja majoho yao. Halafu akaitazama sahani yangu, akasema chakula changu kimepoa, na Kananu angemgombeza kuona mgeni wake anakula chakula baridi. Akainuka kwa fimbo yake, akaichukua ile sahani, akaenda mwenyewe kusimama kwenye foleni nyuma ya watu, akinipelekea sahani ijazwe upya.